Bustani Kando ya Uwanja wa Ndege za Vita

Askari hahitaji kuelezwa maana ya kuamka pamoja, kula pamoja na kushika fagio kwa zamu. Hayo ndiyo maisha ya kambini. Lakini sisi huamrishwa, na asiyetii hujua atakapolala. Leo twataka kuwasimulia wasomaji wetu habari za watu waishio karibu namna hiyo hiyo, pasipo sajini wala mahabusu.

Kijiji chao ni Findhorn, kaskazini mwa Scotland, penye pwani ya mchanga na upepo mkali. Mmoja wa waanzilishi, Peter Caddy, alikuwa ofisa wa Jeshi la Anga la Uingereza aliyeshughulikia chakula cha askari. Baadaye aliendesha hoteli, akaachishwa kazi, na mwezi wa Novemba 1962 akahamia hapo pamoja na mkewe Eileen, wana wao 3 na rafiki yao Dorothy Maclean. Watu 6 katika nyumba moja ya kukokotwa na gari! Waliishi kwa posho ambayo serikali huwapa wasio na kazi, wakaanza kulima ili mezani pawe na mboga.

Ardhi ilikuwa mchanga na kokoto. Wakakusanya mwani ufukweni, wakaomba samadi ya farasi, wakaozesha majani hadi yakawa mboji. Baada ya miaka michache watu walikuja kutazama kabeji zilizosemwa kufikia ratili 40, yaani kilo 18 hivi. Dorothy alisema alifundishwa na roho za mimea. Hatumbishii mtu imani yake, ila sisi tuliokulia shambani twaipa samadi heshima yake. Eileen naye alitafuta kimya cha kusali, asikipate kwa msongamano; usiku akaenda kukaa katika vyoo vya umma vya pale kambini. Aliyepata kulala watu 10 ndani ya hema moja hatamcheka.

Wageni wakabaki, na familia moja ikawa kijiji cha watu mamia. Desturi yao iliyotuvutia zaidi ni hii: kabla ya kugusa jembe, wafanyakazi wa bustani husimama duara, hushikana mikono, hufumba macho na kunyamaza. Kisha kila mmoja hueleza hali yake siku hiyo. Mwenye huzuni husema ana huzuni, na wenziwe humsikia. Ndipo kazi hutajwa, kupalilia, kuchuma, kusukuma toroli ya mboji, na kila mtu huchukua ile aliyoona moyoni kuwa ni yake. Kazi ikiisha, duara tena. Jikoni na kwenye usafi ni vivyo hivyo, na kabla ya kula hushikana mikono kuzunguka chakula. Je, vyoo huachiwa nani? Hilo ndilo swali la kwanza la askari. Navyo hupata mtu, kwa kuwa usafi wa nyumba huhesabiwa kazi sawa na nyingine.

Wala duara halikuwaepusha na mabaya. Mwezi wa Aprili 2021 mfanyakazi mmoja aliyepunguzwa kazini alichoma moto ukumbi wao wa chakula na nyumba yao ya kimya. Hakuna aliyekufa, lakini mahali pawili walipokutania kila siku pakawa majivu. Mwaka 2023 taasisi yao ilisimamisha mafunzo yaliyowaletea wageni na fedha. Wakazi hawakutawanyika.

Jirani yao tangu mwanzo ni uwanja wa Kinloss, uliokuwa wa ndege za vita. Tangu mwaka 2012 ni kambi ya wanajeshi wa nchi kavu. Hivyo upande mmoja wa ua kuna gwaride, na upande wa pili kuna bustani. Mchanga ule hauhifadhi maji wala rutuba. Kila mwaka hudai mboji mpya, na toroli hazijaegeshwa.