UZI: Nyumba ya fremu ya mbao, faida zake, na kwa nini wanasiasa wanaikwepa

1/ Mjadala wa nyumba za bei nafuu hauishi Kenya. Huyu anasema serikali ijenge zaidi, yule anasema makato yaondolewe. Lakini wote wawili wanaongea kana kwamba nyumba ni kitu kimoja tu: mawe, saruji na vyuma. Leo tuongee kuhusu nyumba ya fremu ya mbao. Kama kawaida ya hapa, hakuna mwanasiasa wala chama kitakachotajwa. Twende pole pole.

2/ Kwa nini hili likuhusu? Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya makao yanayofikika na ya kiwango kinachofaa. Halafu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inakata asilimia 1.5 ya mshahara wako kabla ya makato mengine, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Kwa hivyo ukiwa na mshahara, wewe tayari unanunua vifaa vya mjengo kila mwezi. Una haki ya kuuliza vinavyonunuliwa ni vipi na kwa nini.

3/ Fremu ya mbao ni nini basi? Unachukua mbao zilizokaushwa na kunyooshwa, unazisimamisha kila sentimita 40 au 60, unazifunga juu na chini, halafu unapigilia plaiwudi ili ukuta usiyumbe. Katikati unajaza kitu cha kuzuia baridi na kelele. Ndani ni bodi ya jipsamu, nje unaweza kuweka mbao, mabati au hata plasta. Ikikamilika, mpita njia anaweza kudhani ni ya mawe.

4/ Hiyo ni tofauti na nyumba za mbao tunazozijua huku kwetu Nyandarua, au Molo, au Limuru. Zile nyingi ni mbao moja moja au mabanzi yaliyopigiliwa kwenye nguzo, upepo unapita, na nguzo zimeingia moja kwa moja kwenye udongo. Zimelea watu wengi na sizidharau. Ila mtu akikuambia "mbao tunaijua, ni ya maskini", muulize anaongelea mbao gani.

5/ Faida ya kwanza: muda. Zege hupimwa nguvu yake baada ya siku 28. Ukijenga ghorofa kwa zege lazima usubiri kila hatua ikauke ndiyo uendelee. Kuta za mbao zinaweza kutengenezwa karakanani huku msingi unachimbwa, zikaletwa na lori, zikasimamishwa kwa siku chache. Kwa anayejenga na mkopo, kila mwezi wa kungoja ni riba. Na hiyo riba utailipa wewe mpangaji au mnunuzi. Haipotei hewani.

6/ Faida ya pili: uzito. Mita moja ya ujazo ya zege ina takriban kilo 2,400. Mbao kavu ya paini ina kama kilo 500. Nyumba nyepesi inahitaji msingi mdogo, lori chache na mikono michache ya kubeba. Lakini usidanganywe hapa: kwenye ule udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha, uzito mdogo haukuokoi. Udongo unaweza hata kuiinua nyumba nyepesi kwa urahisi zaidi. Bado utachimba utoe udongo huo, au ushuke chini hadi penye ardhi ngumu.

7/ Faida ya tatu: joto la ndani. Jiwe na zege tupu vinapitisha baridi. Wanaoishi Kinangop au hata Nairobi mwezi wa Julai wanajua vile ukuta unakaa kama friji. Ukuta wa fremu uliojazwa vizuri unahifadhi joto, na hapo unapunguza makaa, kuni au stima. Gharama ya nyumba haiishi siku ya kupewa ufunguo.

8/ Faida ya nne: mazingira. Utengenezaji wa saruji unatoa karibu asilimia 8 ya hewa ya kaboni inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Mti unafanya kinyume: karibu nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni iliyotolewa hewani, na inabaki ukutani muda wote nyumba imesimama. Ongeza mchanga. Biashara ya mchanga wa mito ya Ukambani imeleta mizozo iliyogharimu maisha ya watu, hadi Kaunti ya Makueni ikatunga sheria yake ya mchanga mwaka 2015. Zege lina siasa zake ambazo hatuzioni kwa sababu tumezizoea.

9/ Sasa mtauliza: kama ni tamu hivi, mbona haipigiwi debe jukwaani? Hapa ndipo somo langu la sayansi ya siasa linaingia. Kila faida niliyotaja ina mtu anayepoteza. Na siasa mara nyingi ni kuhesabu nani anapata, nani anapoteza, na nani kati yao ana sauti.

10/ Angalia ajira. Mpango wa nyumba unauzwa kwa wananchi kama mpango wa kazi pia: vijana wa mjengo, fundi, mtu wa mkono, mama wa kuuza chakula nje ya site, machimbo ya mawe ya Ndarugo, madereva wa malori. Fremu ya mbao inamaliza haraka kwa sababu inatumia watu wachache site. Ule wepesi tuliousifu kwenye nambari 5 na 6 ni kibarua cha mtu. Mwanasiasa akisema "nyumba za haraka" na "ajira kwa maelfu" katika sentensi moja, hizo ahadi mbili zinavutana.

11/ Kusema ukweli wote, kazi haziyeyuki zote. Nyingine zinahama. Zinatoka site kwenda kwenye karakana, kwa wenye mashine za kupasua mbao, kwa wenye kitalu cha miche, kwa mkulima mwenye robo ekari ya miti. Tatizo ni kwamba kijana wa mjengo Ruiru hawezi kuamka kesho akawa mpasua mbao Elburgon. Anayeunga mkono mbao bila mpango wa kuwafundisha watu kazi mpya anamwachia kijana huyo gharama yote.

12/ Halafu misitu. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma. Sababu ilikuwa ya maana: mito ilikuwa inakauka na misitu ya asili inaibwa. Lakini marufuku iligusa pia mashamba ya miti ya serikali, yaani saipresi na paini zilizopandwa makusudi zije zikatwe. Bei ya mbao ikapanda, mashine nyingi zikanyamaza kwenye miji iliyoishi kwa mbao, na mbao za Tanzania zikajaa sokoni. Julai 2023 ikatangazwa kwamba marufuku imeondolewa, na muda si muda suala likafika mahakamani.

13/ Mjadala wa jukwaani huchanganya vitu viwili hapa, na wakati mwingine kwa makusudi. Msitu wa asili kama Mau au Aberdare ni chanzo cha maji, haupaswi kuguswa kwa ajili ya nyumba ya mtu yeyote. Shamba la saipresi ni zao, kama vile chai, tofauti ni kwamba linachukua miaka kama 25 hadi 30 kukomaa. Anayesema "kata miti" bila kutaja ipi ni hatari. Anayesema "usikate mti wowote" bila kutaja ipi anamnyima mkulima soko la kile alichopanda.

14/ Na hiyo miaka 30 ndiyo shida kubwa kabisa kisiasa. Muhula ni miaka 5. Anayepanda leo hatakuwepo kukata utepe wa nyumba itakayotokana na mti huo. Saruji inapatikana wiki ijayo, mbao inahitaji viongozi sita mfululizo wasiovuruga mpango. Mkulima akiona sheria inabadilika kila mara, atapanda kitu kingine. Na hawezi kulaumiwa.

15/ "Si itaungua?" Swali halali. Mbao nene huungua pole pole, kama milimita 0.7 kwa dakika, na ule mkaa wa juu unakinga sehemu ya ndani. Lakini fremu ni mbao nyembamba, kwa hivyo inategemea bodi ya jipsamu kuzuia moto usiifikie. Bodi zikiwekwa ovyo, kinga haipo. Kwenye mitaa ya mabanda, moto unasambaa pia kwa sababu nyumba zimebanana, nyaya za stima ni za kubahatisha, na gari la zimamoto halina njia ya kupita. Na zimamoto, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, ni kazi ya kaunti. Muulize mgombea wenu wa ugavana ana magari mangapi yanayofanya kazi.

16/ "Na mchwa?" Adui wa kweli huyo. Dawa zipo: mbao inayopigwa dawa kwa mashine ya shinikizo, msingi wa zege ulioinuka juu ya ardhi, na kipande cha bati kati ya msingi na fremu. Teknolojia si ngeni, nguzo za stima za mikaratusi hutiwa dawa hivyo hivyo hapa nchini. Kinachokosekana ni uhakika kwamba mbao unayouziwa dukani imetiwa dawa kweli, badala ya kupakwa rangi tu. Huo ni ukaguzi, na ukaguzi ni bajeti.

17/ Tuje kwa sheria. Kanuni za ujenzi za 1968 ziliandikwa na fikra za mji wa mawe. Mwaka 1995 zikalegezwa ili vifaa vya bei ya chini vikubalike. Sasa tuna Kanuni ya Kitaifa ya Ujenzi ya 2024, iliyoanza kutumika Machi 2025. Lakini hata kanuni ikikubali, ramani yako inapitishwa na kaunti. Na baada ya kaunti kuna benki na bima: wakiona mbao ni hatari, mkopo unakuwa ghali au haupo kabisa. Nyumba ya bei nafuu isiyokopesheka ni ya bei nafuu kwa mwenye pesa taslimu pekee.

18/ Kuna pia neno moja linalofanya kazi kubwa kimya kimya: "nyumba ya kudumu". Sisi Wakenya tukisema hivyo tunamaanisha jiwe, na mbao inaitwa semi-pamanenti. Lakini hekalu la Horyu-ji huko Japani ni la mbao na lina zaidi ya miaka 1,300. Marekani, nyumba nyingi mpya za familia moja ni fremu ya mbao, na Sweden vivyo hivyo. Huku kwetu tumeona maghorofa ya zege yakianguka na watu ndani. Nyumba inadumu kwa kujengwa vizuri na kutunzwa, iwe ya nini.

19/ Msimamo wangu, kwa sababu mtauliza: singetaka mbao iwe jibu la nchi nzima. Ghorofa kumi Nairobi, acha zege lifanye kazi yake kwa sasa. Lakini kwenye kaunti za nyanda za juu, karibu na mashamba ya miti, nyumba za chini au za ghorofa moja za fremu zingefaa kujaribiwa kwa pesa hiyo hiyo ya makato, na matokeo ya gharama yawekwe wazi tuyaone. Kukataa kabla ya kupima ni hasara, sawa na kuahidi kabla ya kupima.

20/ Kwa hivyo siku mtu akija na ahadi ya nyumba, mpeleke na maswali haya:
– Mbao itatoka shamba gani, na nani anapanda badala yake?
– Nani anakagua dawa ya mchwa na bodi za moto?
– Benki gani imekubali kukopesha, kwa riba gani?
– Vijana wa mjengo watafundishwa wapi kazi mpya?
– Bei kwa mita mraba ni ngapi, ikilinganishwa na ya mawe eneo hilo hilo?
Akijibu mawili vizuri, huyo amefanya kazi ya nyumbani.

21/ Nimemaliza. Kama wewe ni fundi, mwenye mashine ya mbao, au umeishi kwenye nyumba ya fremu, tuambie hapo chini bei na shida ulizoziona. Hizo ndizo data ambazo jukwaani hazifiki. Matusi peleka kwingine. Wiki ijayo: kodi ya ardhi ya kaunti, na kwa nini hakuna anayetaka kuigusa.