Mashine Ichezayo Sataranji

Mcheza bao hodari, kabla hajagusa kete, hutazama mbele: nikicheza hivi, mwenzangu atajibu vipi? Kompyuta nayo hufanya vivyo hivyo katika sataranji, mchezo wa wafalme wawili ubaoni. Lakini fikirini: kila zamu ina njia kama 30. Zamu mbili ni njia 900. Zamu tatu, 27,000. Basi mashine ipitiayo njia zote, hata ikizidishiwa kasi mara 30, huona mbele zamu moja tu zaidi!

Mwaka 1996 Garry Kasparov, bingwa wa dunia, aliishinda Deep Blue, mashine ya Marekani. Mwaka 1997 ilirudi na kasi maradufu, ikipima mikao ya kete yapata 200,000,000 kwa sekunde. Wala waundaji hawakutegemea kasi tu. Bingwa mwingine aliwasaidia kuifunza mkao mwema na mbaya. Mashine ikapata 3½, Kasparov 2½.