Nyumba ya Urithi Inapopata Bei

Katika mitaa ya zamani ya Tabora, kama Gongoni, Ng'ambo, Kanyenye na Isevya, mauzo mengi ya nyumba za urithi hukwama siku mthamini anapoleta taarifa yake. Mpaka hapo ndugu wanakuwa wamekubaliana. Wazazi wametangulia mbele ya haki, watoto wako Dar es Salaam, Mwanza na Kigoma, paa linavuja, mpangaji wa chumba cha mbele halipi. Wote wanasema iuzwe. Kisha tarakimu inasomwa, na yule aliyekuwa mstari wa mbele kutaka iuzwe anasema, "Kwa bei hiyo, bora ianguke yenyewe."

Kazi yangu ni uthamini. Nimesikia maneno hayo, au yanayofanana nayo, katika familia nyingi, na naamini ugomvi unaoyafuata si wa fedha kama watu wanavyodhani. Ni msiba ambao haukupata pa kuzungumziwa, ukaingia kwenye bei.

Kwanza tarakimu yenyewe inavyopatikana. Kwa nyumba ya kuta za udongo au tofali mbichi, mbao zilizoguswa na mchwa na bati lenye kutu, tunakadiria ingegharimu kiasi gani kuijenga leo, kisha tunapunguza uchakavu. Nyumba ya umri wa miaka 60 ya aina hiyo hupunguzwa karibu yote, na kinachobaki ni kiwanja. Mnunuzi anajua hilo kabla yetu. Anatafuta mahali pa kubomoa ajenge fremu za maduka, au nyumba ya vyumba vya kupangisha karibu na barabara. Chumba alimozaliwa mtu, baraza ambayo baba alikaa kila baada ya Alasiri, ukuta wenye alama za urefu wa watoto: hakuna mstari wa fomu unaovipokea. Anayesoma taarifa ile kama hukumu juu ya maisha ya wazazi wake ana haki ya kuumia, ingawa taarifa haikusudii hivyo.

Mwaka 1990, Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha matokeo ya majaribio mepesi sana. Waligawa vikombe kwa baadhi ya wanafunzi, wengine hawakupewa, kisha wakawaruhusu kuuziana. Waliopewa vikombe, tena muda mfupi tu uliopita, walitaka bei iliyozidi mara mbili ile ambayo wenzao walikuwa tayari kulipa. Kitu kikishakuwa chako, kukiachia kunahesabika moyoni kama hasara, na hasara inauma kuliko faida ya kiasi kilekile inavyofurahisha. Wachumi wawili, David Genesove na Christopher Mayer, wakaikuta tabia hiyo katika soko la nyumba za Boston za miaka ya 1990: wenye nyumba ambao bei ya soko ilikuwa imeshuka chini ya ile waliyonunulia walitangaza bei za juu kuliko wenzao, na nyumba zao zikakaa sokoni muda mrefu zaidi. Ikiwa kikombe cha dakika chache kinamfanya mtu hivyo, nyumba ya vizazi vitatu itamfanyaje?

Tabora ina sababu yake ya ziada. Huu ni mji wa watu wa safari. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 1857, walikuta makazi ya wafanyabiashara kutoka pwani na Oman yaliyokwisha kuota mizizi. Muhammed bin Juma, baba yake mfanyabiashara mashuhuri Tippu Tip, alikuwa na makao yake Ituru, karibu na mji, na ukaaji wake ulitiwa nguvu na ndoa: alimuoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Wanyamwezi wenyewe walikwenda pwani na mizigo ya pembe na kurudi na vitambaa, na katika safari ile ya miezi mitatu na zaidi, nyumbani palikuwa mahali pa kurudi. Tembe ya Kwihara, karibu na mji, ambamo mmisionari Livingstone alisubiri wapagazi hadi Agosti 1872, inaonyesha makao ya tajiri wa njia ile yalivyokuwa: kuta nene, paa la udongo lililo bapa, ua wa ndani. Kwa mtu anayeishi njiani, nyumba ndiyo uthibitisho kwamba ana kwao, na hata leo aliyezaliwa mtaa wa Cheyo akajenga Dar es Salaam bado akiulizwa kwao hutaja Tabora. Ndiyo maana mara nyingi anayepinga kuuza kwa nguvu zote ni yule ambaye hajalala kwenye nyumba ile kwa miaka kumi. Dada aliyebaki, aliyewauguza wazazi na anayekinga maji ya paa kwa ndoo, anaijua nyumba kama kazi. Aliye mbali anaijua kama kumbukumbu, na kumbukumbu haichakai. Wote wawili wanasema kweli, na kikao kisichotambua tofauti hiyo kitaisha kwa kutuhumiana wizi.

Mirathi inazidisha ugumu. Kwa familia ya Kiislamu, mjane mwenye watoto anapata thumuni, mtoto wa kiume anapata mara mbili ya wa kike. Hayo ni mafungu ya thamani, lakini nyumba ya vyumba sita na ua mmoja haikatiki mafungu ya namna hiyo. Kwa hiyo inauzwa ili igawanyike, na anayeipenda zaidi huwa ndiye mwenye fungu dogo zaidi. Katika familia zinazofuata mila, swali huwa ni nani mwenye ruhusa ya kuuza cha ukoo. Mwaka 1990, katika kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alihalalisha mauzo ya ardhi ya ukoo yaliyofanywa na mwanamke wa Kihaya aliyeirithi kwa wosia wa baba yake. Mila ya kumzuia mwanamke kuuza, alisema, haiwezi kusimama mbele ya haki zilizomo kwenye Katiba. Bado nakutana na watu wanaoamini dada zao hawana sauti katika jambo hili. Wanayo.

Sheria zetu zinajua kwa kiasi fulani kwamba makazi yana moyo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamkataza mume au mke kuuza, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya kuhamisha makaburi ya 1969, inayotumika ardhi inapohitajika kwa manufaa ya umma, inalipia kufukua na kuzika upya, na inalipia pia matambiko ya kuwatuliza waliolala. Lakini tazama fidia ya nyumba inayochukuliwa kwa mradi wa umma, jambo linaloweza kuwagusa watu wa Tabora kutokana na ujenzi wa reli ya kisasa. Kanuni za 2001 zinatoa thamani ya jengo, kodi ya pango kwa miezi 36, gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20, na kitu kiitwacho posho ya usumbufu. Posho hiyo hukokotolewa kwa wastani wa riba ambayo benki hulipa kwa amana ya muda maalumu ya mwaka mmoja. Yaani kuondolewa kwenye nyumba ya babu kunapimwa kama fedha iliyochelewa benki. Nakubali kwamba mthamini hawezi kupima huzuni, na sitaki apewe kazi hiyo. Nasema tu kwamba anayelipwa posho ile asiambiwe amefidiwa kila kitu.

Nchi yetu imewahi kufanya hesabu kali kuliko hiyo. Aprili 1971 Serikali ilitaifisha majengo yenye thamani inayozidi shilingi 100,000 ambayo mwenyewe hakuyakalia yote peke yake. Jengo lililozidi umri wa miaka kumi halikulipwa fidia hata senti moja. Waliopoteza wengi walikuwa Watanzania wenye asili ya Asia, waliokuwa wamejenga katika miji ya nchi nzima. Majengo yakaenda kwa Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakaingia Shirika la Nyumba la Taifa. Lengo la usawa lilikuwa na hoja yake na naliheshimu. Lakini kuna wazee waliopanga katika vyumba walivyovijenga wenyewe, na jeraha la namna hiyo haliponi kwa sababu tu sera ilikuwa na nia njema.

Upande wa pili wa jambo hili uko Ulyankulu, magharibi mwa mkoa huuhuu. Wakimbizi wa Burundi waliofika mwaka 1972 walilima, wakajenga, wakazaa na kuzika pale. Mwaka 2010 zaidi ya watu 162,000 wa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo walikubaliwa uraia wa Tanzania, lakini kwa sharti la kuhamia mikoa mingine. Vyeti vilianza kutolewa 2014, baada ya mpango wa kuwahamisha kulegezwa. Katika miaka ile ya katikati, nani angepandisha ukuta au kupanda mti wa matunda asiojua kama atauvuna? Kwa watu wale, hofu ya kuondoshwa ilitosha kuigeuza nyumba yao kuwa kituo.

Sasa, kwa familia iliyokwisha kuamua kuuza. Fanyeni kikao cha nyumba kabla ya kikao cha bei, visiwe siku moja. Kikao cha kwanza kizungumzie yasiyo na bei: nani atachukua mlango na kitanda cha mama, picha zipigwe, hitma au ibada ifanyike mkiwa wote ndani. Kama kuna makaburi kwenye eneo, na pembezoni kama Itetemia na Ndevelwa yapo, andikeni ndani ya mkataba kwamba sehemu hiyo haiuzwi na njia ya kuyazuru inabaki wazi. Ahadi ya mdomo ya mnunuzi haimfungi atakayenunua kwake.

Bei ikishasomwa, jiulizeni: kama nyumba hii isingekuwa yetu, tungetoa kiasi gani kuinunua? Mkishindwa kutaja kiasi kikubwa kuliko cha mthamini, kilichozidi ni mapenzi, na mnunuzi hawezi kuyalipia. Na kama yuko mmoja ambaye mapenzi hayo ni makubwa kweli, apewe nafasi ya kwanza kuwafidia wenzake mafungu yao, hata kwa awamu, kwa maandishi. Nimeona suluhisho hili likiokoa udugu mara nyingi kuliko mauzo kwa mgeni.

Na msipokee malipo ya awali ya mtu yeyote kabla mahakama haijamthibitisha msimamizi wa mirathi. Anayeuza bila barua ya usimamizi anauza asichokuwa na mamlaka nacho, na mauzo hayo yanaweza kubatilishwa wakati fedha zimekwisha kuliwa na nyumba imekwisha kubomolewa. Mirathi ikifuata mila au sheria ya Kiislamu, anzeni Mahakama ya Mwanzo, na muende mkiwa na muhtasari wa kikao cha ukoo na cheti cha kifo.