Kompyuta ya muziki kwa mtoto: tuangalie ndani kabla ya kulipa

Mwenzetu mmoja alipopata zamu yake ya likelemba, alimnunulia kijana wake kompyuta ya okazio. Kijana ana miaka 16, anapiga kinanda kwenye kwaya, na alitaka kujifunza kurekodi nyimbo. Mama akalipa dola 160, akaleta nyumbani mashini nyeusi inayong'aa. Jioni ile ile mtoto alirekodi sauti ya kwanza, akaongeza ya pili. Kwenye ya tatu mashini ikaganda. Muuzaji akakataa kuirudisha. Zilikuwa pesa za miezi minane ya kuuza unga.

Tulikaa naye, tukaelewa kwamba kosa halikuwa kununua kompyuta iliyokwisha kutumika. Wengi wetu hatuna uwezo wa kununua mpya. Kosa ni kwamba tunachagua kwa rangi na ukubwa wa kioo, wakati muziki unafanya kazi ndani.

Tuanze na programu, kwa sababu hapo hakuna pesa ya kutoa. MuseScore ni ya kuandika nota. Inaweza kupiga sauti ya soprano peke yake, au ya alto, hivi kwamba kila mwanakwaya anajifunza sehemu yake. Audacity ni ya kurekodi sauti na kuzisafisha. LMMS ni ya kutengeneza midundo kwa vyombo vilivyomo ndani ya kompyuta. Zote tatu ni za bure kwa haki. Mtu mmoja akizipakua, anaweza kuwagawia wengine kwa flashi. Tusikubali programu zilizoibwa. Mara nyingi zinaleta virusi.

Sasa mashini yenyewe. Kitu cha kwanza ni memori, ile inayoitwa RAM. Ni kama meza ya jikoni: ikiwa ndogo, huwezi kukata mboga na kukanda unga kwa wakati mmoja. Giga 4 zinatosha kwa kuanza na sauti chache. Giga 8 ni bora. Kitu cha pili ni diski. Ile ya aina ya SSD inafungua kazi haraka kuliko ya zamani inayozunguka. Nafasi nayo ni lazima: dakika moja ya muziki wenye ubora wa CD inachukua karibu mega 10. Wimbo wa dakika 4 wenye sauti 8 zilizorekodiwa hivyo unafika mega 320.

Tutajuaje? Kwenye kompyuta ya Windows, tubonyeze Ctrl, Maj na Esc kwa pamoja, kisha tufungue sehemu ya Performance. Hapo memori na diski vinaonekana. Muuzaji akisema giga 8 na pale pameandikwa 2, tunajua la kufanya.

Jambo kubwa zaidi: twende na mtoto, na programu zikiwa kwenye flashi. Aziweke pale pale, arekodi sauti nne au tano, asikilize. Tuchomoe chaja, tuone kama betri inakaa, maana umeme wetu tunaujua. Tujaribu tundu la kaske na matundu ya USB. Muuzaji asiyekubali majaribio, tumwache na mali yake.

Tusimalize pesa zote kwenye mashini. Tubakize kidogo kwa mikro na kaske ya waya. Kaske ya Bluetooth inachelewesha sauti, na mwimbaji anatoka nje ya mdundo.

Na yule kijana? Fundi alifungua mashini, akakuta memori ya giga 2 tu na nafasi tupu pembeni. Akaongeza kipande cha giga 4 kilichotoka kwenye kompyuta iliyokufa. Leo anarekodi na dada yake, kila mmoja kwa zamu, baada ya masomo ya shule. Lakini mama alilipa mara mbili. Kwa hiyo tunaomba kila kundi lichague mama mmoja na kijana mmoja wanaojua mambo haya, wamsindikize mwenzetu anayekwenda kununua. Akiwa peke yake, anadanganywa kirahisi.