Sura ya 7: Nani Anayetaka Meno Yanyooke?

Kutoka Gihundwe, pembezoni mwa mji wa Kamembe wilayani Rusizi, hadi Kigali ni zaidi ya kilomita 200 za barabara, na sehemu yake hupita katikati ya msitu wa Nyungwe. Sura hii inaanzia barabarani kwa sababu waya za meno hukazwa kila baada ya wiki 4 hadi 6, na kazi yote huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Wataalamu wa kupanga meno nchini Rwanda ni wachache, na wengi wao wako Kigali. Kwa mwanafunzi wa Gihundwe hesabu hiyo ni safari 13 kwa uchache, pengine zaidi ya 20, kwenda na kurudi, mzazi akiwa pembeni, na ada ya daktari bado haijatajwa.

Kijana wa hapa akiulizwa kama anataka kunyooshwa meno akajibu hataki, jibu hilo lisipokelewe haraka. Uchunguzi wa kwanza wa kitaifa wa afya ya kinywa nchini Rwanda, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta watu takriban 7 kati ya 10 hawajawahi kumwona mtaalamu wa meno hata mara moja. Mtu hutamani alichokwisha kukiona. Asiyewahi kukaa kwenye kiti cha daktari kwa jino bovu atatoa wapi hamu ya kukaa humo kwa jino zima lililopinda?

Takwimu nzuri zaidi za eneo letu zimetoka Dar es Salaam. Matilda Mtaya na wenzake walipima meno ya wanafunzi 1,601 wa Kinondoni na Temeke, wengi wa miaka 12 hadi 14, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008 na 2009. Kwa vipimo vya kitaalamu, asilimia 63.8 walikuwa na kasoro angalau moja ya mpangilio. Wanafunzi hao hao walipoulizwa wenyewe, asilimia 23.3 tu ndio waliosema hawaridhiki na meno yao. Karibu theluthi mbili kwa rula, chini ya robo kwa kioo. Watoto wa Temeke walilalamika kidogo kuliko wa Kinondoni, wilaya yenye mitaa ya kitajiri kama Masaki na Mikocheni ndani yake. Mimi nasoma hapo kwamba kijana hupima meno yake kwa meno ya jirani.

Rula nayo ina upofu wake. Katika hesabu za wataalamu, nafasi ya milimita 2 au zaidi kati ya meno huandikwa kuwa kasoro. Mwambie hivyo bibi wa Rusizi! Mwanya wa meno ya mbele ya juu, inyinya kwa Kinyarwanda, husifiwa kwa msichana, kama unavyosifiwa Unguja na Mombasa. Daktari anayetaka kuuziba bila kuuliza atakuwa ameondoa kitu ambacho mwenye mdomo alikuwa anajivunia.

Wanaotaka kweli wanasukumwa na nini? Mara nyingi ni utani wa darasani. Meno ya juu yaliyotokeza humpa mtoto jina la utani kabla hajamaliza shule ya msingi, na jina hilo humfuata sekondari. Hapo ndipo unamwona msichana anayecheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Siku hizi kuna pia picha za simu. Maumivu na shida ya kutafuna huja nyuma sana, ingawa ndizo sababu ambazo daktari huziandika kwenye faili. Wengine huzitaka waya zenyewe, kwa kuwa zinaonyesha kwamba nyumbani kuna pesa. Huko Thailand waya za urembo, zisizonyoosha chochote, zilienea kwa vijana mpaka serikali ikazipiga marufuku.

Lipo kundi ambalo halikuzaliwa na tatizo lake. Mtoto mchanga akiharisha au akipata homa, baadhi ya familia za Rwanda, Uganda na Tanzania humpeleka kwa mganga akang'olewe vichipukizi vya chonge: ibyinyo kwa Wanyarwanda, meno ya plastiki au ya nailoni kwa Watanzania. Ufizi huchimbwa kwa chombo kisicho safi, na chonge la kudumu lililo chini yake huweza kuharibika au lisiote kabisa. Meno ya jirani husogea kujaza pengo. Miaka 12 baadaye kijana anataka kujua kwa nini tabasamu lake limekaa upande, na aliyempeleka kwa mganga ndiye anayeombwa nauli ya Kigali.

Je, waya hutimiza kinachotarajiwa? Huko Cardiff, Wales, William Shaw na wenzake waliwapima watoto 1,018 wa miaka 11 na 12 mwaka 1981, kisha wakawatafuta tena miaka 20 baadaye. Meno yaliyotibiwa yalikuwa yamenyooka kweli, na wenyewe waliridhika nayo zaidi, lakini matibabu hayakuonekana kuwapa furaha au kujiamini kwa kiwango cha maana katika utu uzima. Hilo halimzuii kijana kutaka. Linamdai daktari asimwahidi maisha mapya.

Swali la nani anataka lina uzito wa kitabibu pia. Waya husukuma jino polepole: mfupa wa taya huliwa upande linakoelekea na kujengwa upya upande linakotoka, na mfupa huo mpya huhitaji muda kukomaa. Kwa hiyo waya zikishatolewa hubaki kifaa cha kuyashikilia meno, na mara nyingi ni cha kuvaa na kuvua, kinachovaliwa usiku kwa miaka. Mama aliyelipa nauli zote zile hawezi kukivaa kwa niaba ya mtoto. Ndiyo maana daktari makini, kabla ya kuchukua vipimo, humwomba mzazi atoke nje kidogo, kisha humuuliza kijana safari hii ni ya nani.