Taizé: Kijiji kidogo Ufaransa kinachovuta maelfu ya vijana

HEBU fikiria umesafiri siku nzima kwa basi, unashuka kwenye kilima chenye nyumba chache za mawe na ng’ombe weupe wanaolisha kila upande. Hakuna klabu wala jumba la sinema. Lakini mbele yako kuna foleni ndefu ya vijana wa rika lako, kila mmoja na sahani mkononi.

Hapo ni Taizé, eneo la Burgundy, Ufaransa. Wakazi wake hawafiki 200, ila msimu wa joto wageni hufika kwa maelfu kila wiki.

Yote yalianza 1940. Roger Schutz, Mswisi wa miaka 25, alifika kwa baiskeli akitafuta nyumba. Vita vilikuwa vimeigawa Ufaransa, na mpaka ulipita karibu na hapo. Mama mzee aliyemkaribisha chakula alimsihi abaki, kwani walikuwa wapweke. Akabaki. Nyumba aliyonunua ikawa maficho ya wakimbizi, wakiwemo Wayahudi, hadi siri ilipofichuka 1942 akalazimika kukaa Geneva. Alirudi 1944.

Sasa sikia hii. Vita vilipoisha, wanajeshi wa Ujerumani walifungwa kambini karibu na kijiji. Watu walikuwa bado na uchungu. Roger na wenzake wakaanza kuwakaribisha wafungwa hao Jumapili, wale na kusali pamoja. Wewe ungeweza?

Pasaka ya 1949, wanaume saba waliapa kuishi pamoja maisha yao yote bila kuoa. Walikuwa Waprotestanti, na baadaye Wakatoliki wakajiunga nao. Hawapokei michango, hujitegemea kwa kazi za mikono yao, kama ufinyanzi.

Ukifika huko, kengele itakuita kwa sala mara tatu kwa siku. Utaketi sakafuni, mtaimba wimbo mfupi tena na tena kwa lugha mbalimbali, kisha kimya. Dakika kadhaa bila neno, bila simu. Kama umezoea kuperuzi kila saa, hapo ndipo kuna kazi! Baadaye utaosha sufuria au vyoo pamoja na wenzako. Hakuna VIP.

Msamaha huo ulijaribiwa Agosti 16, 2005. Ndugu Roger, akiwa na miaka 90, alidungwa kisu na mwanamke mwenye matatizo ya akili katikati ya sala ya jioni, akafa. Kwenye mazishi, mrithi wake, Ndugu Alois, alimwomba Mungu amsamehe mama huyo.

Novemba 2008, mwaka ule ule Kenya ilipotoka kwenye ghasia za uchaguzi, ndugu wa Taizé waliandaa mkutano wa vijana Nairobi. Wageni hawakulala hotelini. Walipokelewa majumbani mwa watu.

Kwa hivyo usingoje viza ya Ufaransa. Ndugu Roger alianza na nyumba moja na sahani ya chakula. Je, kwenye ploti yenu kuna jirani ambaye hamjasalimiana tangu uchaguzi? Anza na huyo.