Kompaila mtambuka

Kompaila mtambuka ni programu inayotafsiri msimbo chanzo kuwa lugha ya mashine ya kompyuta ya aina nyingine, tofauti na ile ambayo kompaila yenyewe inafanyia kazi. Hutumika hasa kutengeneza programu za mifumo pachikwa, yaani kompyuta ndogo zilizomo ndani ya vifaa kama mita za umeme, ruta na mashine za hospitali.

Sababu za kuitumia

Mara nyingi kifaa cha namna hii hakina kibodi, skrini wala kumbukumbu ya kutosha kuendesha kompaila. Kwa mfano, bodi ya Arduino Uno, inayotumiwa sana na wanafunzi, ina kilobaiti 32 za kuhifadhia programu na kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kazi. Kwa hiyo programu huandikwa na kukompailiwa kwenye kompyuta ya kawaida, kisha huhamishiwa kwenye bodi kwa waya wa USB.

Historia

Mbinu ya kutengeneza programu kwenye kompyuta moja kwa ajili ya nyingine ni ya zamani. Mwaka 1975 Paul Allen na Bill Gates waliandaa BASIC ya Altair 8800 kwenye kompyuta ya PDP-10 ya Chuo Kikuu cha Harvard, bila kuwa na Altair yenyewe. Kompaila huria ya GCC, iliyoanzishwa na Richard Stallman, ilitolewa mwaka 1987 na leo hutumika kwa aina nyingi za prosesa.

Matatizo ya usanidi

Makosa mengi hayatoki kwenye msimbo bali kwenye usanidi:

* Prosesa isiyo sahihi: mtu akisahau kutaja prosesa lengwa, programu hukompailiwa kwa ajili ya kompyuta yake mwenyewe. Kazi huisha bila onyo, lakini kifaa hukataa kuiendesha.
* Maktaba zisizolingana: kompaila huweza kuchukua maktaba za kompyuta ya mtengenezaji badala ya zile za kifaa. Dawa yake ni kutenga folda maalumu yenye maktaba za kifaa pekee.
* Majaribio yasiyowezekana: baadhi ya hati za usanidi huendesha programu fupi ili kupima uwezo wa mfumo. Programu hizo zikiwa za prosesa nyingine haziwezi kuendeshwa, hivyo majibu hubidi kuandikwa kwa mkono.
* Ukubwa wa namba: kwenye Arduino Uno namba kamili ya kawaida ina biti 16, na kikomo chake ni 32,767. Hesabu iliyotoa jibu sahihi kwenye kompyuta ya mezani huweza kutoa namba hasi kwenye bodi.

Ili kupunguza makosa hayo, zana kama Buildroot na Yocto hukusanya kompaila, maktaba na usanidi wote mahali pamoja.

Mfano wa mita za LUKU

Programu ikishawekwa ndani ya kifaa, kuibadilisha ni kazi ngumu. Mfano mzuri ni mita za LUKU za TANESCO zilizomo katika nyumba za mkoa wa Singida na kwingineko Tanzania. Mita za kiwango cha STS ziliitambua tokeni kwa idadi ya dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, ikihifadhiwa katika biti 24. Biti hizo zinatosha dakika 16,777,216, ambazo zilikwisha tarehe 24 Novemba 2024.

Kabla ya siku hiyo wateja walitakiwa kuingiza tokeni maalumu za kuhuisha mita, la sivyo mita isingepokea umeme mpya. Kikomo hicho hakikusababishwa na kompaila bali na kiwango chenyewe. Hata hivyo kinaonyesha kwa nini watengenezaji hupaswa kukagua ukubwa wa namba na usanidi mapema: kosa linalorekebishwa kwa dakika chache kwenye kompyuta huweza kuhitaji kufikia kila nyumba baadaye.

Tazama pia

* Mfumo wa uendeshaji
* Lugha ya programu
* Linux